Picha ya Thelathini na Saba

Kamera ililia klak ndani ya kabati saa nane mchana, na hakuna mtu aliyeigusa.

Mitchel alikuwa jikoni akimenya viazi. Akasimamisha kisu, kisha akajiambia ni uzee wa chuma. Kamera ile ya filamu aliinunua sokoni Kakamega kwa Mzee Barnaba, muuza vyombo vya mitumba ambaye zamani alikuwa msaidizi wa mpiga picha wa mazishi. Barnaba ndiye aliyemfundisha kushika lenzi na kupima mwanga kwa macho.

"Na usikate watu vichwa," alimtania kila mara. "Msichana mzima, unapiganga picha kama unakata miwa!"

Lakini alimwonya pia. Ndani mlikuwa na filamu ya bosi wake marehemu: picha ishirini na nne za mazishi ya mtu mmoja kijijini Shinyalu, zikabaki nafasi kumi na mbili. "Hiyo toa, utupe," alisema. Mitchel akaitikia, na hakuitupa. Filamu mpya huletwa na gari la vifurushi kutoka Nairobi, na anayeanza kazi hii anajua uchungu wa kutupa picha kumi na mbili ambazo hazijapigwa. Akazimaliza zote kwa kumpiga picha mama yake, Roda, aliyeketi uani na gauni la kanisa.

Tangu siku hiyo bega la kushoto la Roda lilikuwa baridi, na nyumba ilinuka udongo mbichi.

Baada ya ile klak, Mitchel aliamua kuisafisha filamu ili picha zitokee. Akaziba dirisha la bafu kwa blanketi, akasukuma matambara chini ya mlango, akazima taa. Nje jua lilikuwa kali. Ndani hakuona hata kidole chake. Alikuwa akiizungusha filamu kwenye kigurudumu cha kusafishia kwa kupapasa pale ncha ilipomponyoka ikaanguka, akainama kuitafuta sakafuni, na ile harufu ya udongo ikapanda, na kitu kikavuta pumzi karibu na sikio lake polepole kama mtu aliyechoka na safari, na kabla hajapata sauti ya kupiga kelele, vidole baridi vikamshika mkono na kumrudishia ncha ya filamu.

Alimaliza kazi akilia. Lakini alimaliza.

Ilipokauka, aliipeleka kwa Barnaba, wakaitazama kwa kioo cha kukuza. Waombolezaji walikuwa wamejipanga kando ya jeneza, na nyuma yao alisimama mwanamume mrefu mwenye koti. Katika picha za Roda, mwanamume huyohuyo alikuwa kwenye ua, kisha karibu na tangi la maji, kisha nyuma ya kiti. Kila picha, hatua moja. Katika ya mwisho mkono wake ulikuwa juu ya bega la kushoto la Roda.

Barnaba alishusha sauti. "Ni yule alizikwa. Ama ni jini limevaa sura yake, mimi sijui. Bosi hakuwa anatoka mazishini bila kupiga kaburi likishafunikwa. Hiyo ndiyo ilikuwanga ya mwisho. Siku hiyo ya Shinyalu alianguka akafa kabla aipige. Huyu alikuwa anangoja picha ya kaburi lake, Mitchel, na wewe badala ya kaburi ukampatia mama yako."

"Nifanye nini, mzee?"

"Choma kamera. Na usiguse ingine."

Akina mama wa kanisa walikuja, wakaomba hadi sauti zikakauka. Kesho yake Roda hakuweza kuinua kikombe. "Mwanangu, ananivuta," alinong'ona. "Chini."

Hapo woga wa Mitchel ukageuka hasira. "Kamera ni yangu, na mama ni wangu," alisema kwa sauti, akiangalia nafasi tupu nyuma ya kiti. "Mgeni hapa ni wewe. Kama unafuata kila ninachopiga picha, leo utanifuata."

Badala ya kuichoma, akatia filamu mpya. Akapiga picha ya mlango. Akapiga geti. Akapiga steji ya boda, akapanda pikipiki, akapiga daraja na kituo cha Shinyalu. Hapo akashuka kwenye pikipiki na kushika njia ya miguu aliyoelekezwa na Barnaba, akipiga shamba la mahindi, akipiga shamba la chai, akipiga kisiki, huku nyuma yake nyayo nzito zikimfuata na kusimama kila aliposimama, na harufu ya udongo ikimjaa kinywani, na shingo ikimwasha kwa hamu ya kugeuka, lakini hakugeuka, alisema tu, "Twende. Twende kwenu," mpaka akaingia kwenye boma la yule aliyezikwa, akaomba ruhusa kwa mjane wake, akasimama mbele ya kaburi na kupiga picha ya thelathini na sita.

Simu ikalia. Alikuwa Roda. "Mitchel! Bega limepata joto!"

Mitchel aliketi kwenye nyasi, akalia kwa furaha.

Aliisafisha filamu kesho yake, saa nane mchana, bafuni mulemule. Mwanamume alionekana katika kila picha, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kaburi, ambako hapakuwa na mtu. Ila filamu huweza kubakiza nafasi ya picha moja ya ziada, na nafasi hiyo, ambayo Mitchel hakuipiga, ilikuwa na picha. Msichana alikuwa akitembea kwenye njia ya kurudi, amepigwa kutoka nyuma, kamera hiyohiyo ikining'inia begani mwake. Picha ilikuwa imeinama upande, na kichwa chake hakikuwepo.

Harufu ya udongo mbichi ikapenya chini ya mlango.

Mitchel alichukua kamera, akatia filamu nyingine, akaufungua mlango wazi.

"Hata kupiga hujui," alisema. "Umekata kichwa. Haya, njoo usimame hapa mbele, nikuonyeshe."

Akaweka jicho kwenye kamera, akangoja.