Sahani Tatu za Dirisha la Tiketi

Jioni ile nilirudi stesheni kuchukua sahani zangu tu. Mimi Faudhia ni mama lishe. Sikuwa na ugomvi na mizimu ya mtu.

Stesheni yenyewe ni gofu la hapa Nachingwea, la enzi za mashamba ya karanga ya Waingereza. Reli iling'olewa bibi zetu wakiwa wasichana. Sasa wanaigeuza makumbusho, na pale dirisha la tiketi patauzwa chai na vitumbua. Mkandarasi alikuwa Rogath, mtu wa kuja, mjuaji. Fundi wake ni Masoudi, mdogo wangu wa mwisho, niliyemlea mwenyewe tangu mama afariki.

Kabla ya kazi, Bibie, mzee wetu wa matambiko, alimwaga unga kizingitini jua likizama. Kwetu ukikutwa asubuhi umesimama, wenyewe, yaani mizimu ya mahali, wameridhia. Ukitawanyika, unaiacha kazi. Ulitawanyika. Rogath akacheka, akasema ni kuku, akauzoa kwa koleo na kuuchanganya na saruji. Masoudi akazipiga plasta kingo za dirisha la tiketi kwa saruji ile ile. Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka, lakini alikuwa anaogopa kufukuzwa kazi.

Basi jioni ile kulinukia karanga za kukaanga...

Hakuna aliyekaanga karanga.

Nyuma ya dirisha sahani zilikuwa zinagongana. Sikushtuka. Masoudi huniosheaga vyombo mle ndani, na kabla sijapakua huniuliza idadi ya walaji.

"Mko wangapi?" sauti ikanong'ona.

Mdomo uliponza kichwa. "Watatu," nikajibu. "Mimi, wewe na Rogath."



Zikasukumwa nje sahani tatu. Kila moja ina konzi ya unga.

"Dada, unaongea na nani?"

Masoudi alikuwa nyuma yangu, ameshika ndoo ya maji.

Usiku huo Rogath aliondoka na pikipiki kwenda Mbekenyera. Walimkuta nje kidogo ya Ruangwa, ameketi kando ya barabara, amekufa, hana hata mchubuko. Mdomo ulikuwa umejaa unga mkavu. Hospitali walisema ni moyo. Moyo gani unaokula unga?

Kisha Masoudi akaanza kukohoa. Anachokitema ni cheupe.

Nilimwendea Bibie nikilia. Hakunionea huruma hata chembe.

"Uliyemhesabu umemtoa kafara," alisema. "Kairudishe hesabu yako, labda watakusikia. Mimi siendi huko."

Jana magharibi nilimwacha Masoudi kitandani anakunywa uji, nikaenda peke yangu. Harufu ya karanga ilinipokea barabarani. Niliogopa, sifichi. Lakini chuki ilikuwa kubwa kuliko woga. Nilimchukia Rogath kaburini mwake, nikawachukia na hao wasioonekana.

"Mko wangapi?"

"Mmoja," nikasema. "Mimi peke yangu. Mwacheni mdogo wangu."

Mle ndani mtu akacheka, taratibu...

Sahani ikasukumwa nje. Tupu, imelambwa ikatakata. Hiyo ni ya Rogath, nikajiambia.

Ya pili ikafuata.

Nayo tupu.

Ya tatu sikuingoja. Nilikimbia nikiita jina la Masoudi njia nzima, na mpaka nashika mlango wa nyumba, hakuwa ameitika.