Kochi la Onyancha

Ndugu zangu wa Houston, na ninyi wa Dallas mnaodhani mambo yetu hayawahusu, kaeni mnisikilize. Nitaisimulia habari hii kama ilivyokuwa, hata pale inaponiaibisha mimi mwenyewe, kwa maana mkono wangu umo ndani yake.

Jirani yangu hapa Pearland, kusini mwa Houston, anaitwa Onyancha. Ni muuguzi, Mkisii mpole mwenye mabega mapana. Zamani, kila Jumamosi asubuhi ungemkuta mbele ya gereji akiosha pikipiki yake nyeusi, kikombe cha chai kimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkewe Nyaboke, muuguzi pia, alikuwa jikoni akikaanga mandazi, na harufu ilifika mpaka kwangu. Kisha binti yao Everline, mwenye miaka kumi na sita, alitoka na helmeti yake akisema, "Dad, let's go!" Wakaondoka wawili hao, wakarudi wakicheka. Nilipenda kuwatazama.

Wanaume wa mtaani na makanisani tulikuwa na kikundi cha pikipiki, watu saba. Kila Oktoba tulikwenda Richardson, kule karibu na Dallas, safari ya saa nne na zaidi, kula nyama choma na wenzetu wa huko. Tulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: mwanamume anabadilisha gia mwenyewe. Skuta zile kubwa, zisizo na klachi wala gia za kukanyaga, tuliziita makochi. Jina hilo nililitunga mimi, Method, na nililionea fahari. Skuta ikipita nilipaza sauti, "Jamani, kochi hilo! Mto wake uko wapi?" Wenzangu walivunjika mbavu. Onyancha naye alicheka, kumbe vidole vyake vya kushoto vilikuwa vikifa ganzi ndani ya glavu.

Miaka kumi na tano ya kunyanyua wagonjwa ilikuwa imemharibia kifundo cha mkono. Klachi ikawa adui yake. Katika foleni ya asubuhi kwenda hospitalini aliivuta na kuiachia mara zisizo na idadi, na kila mara ilimbidi aikamate kwa nguvu zake zote. Akaanza kujifunga bandeji kwa siri, bafuni, mlango ameufunga.

Nyaboke aliikuta bandeji kwenye kapu la nguo chafu.

"Baba Everline, hii ni ya nani?"

"Ni ya kazini tu."

"Usinibebe ujinga, mimi pia ni nurse. Huo mkono umechoka. Uza hiyo pikipiki, tu-buy ile ya automatic, kama ya Mahfudha wa wodini kwetu."

"Kochi? Method na wale watanicheka mpaka Richardson."

"Na ukivunjika, ni Method atakuosha?"

Onyancha alichukua bandeji yake akaenda zake gereji.

Msomaji wangu, wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Haikupita wiki mbili.

Jumamosi moja ya Machi alimpakia Everline wakaenda mtaa wa Gulfton, Houston, kununua unga. Kwenye taa nyekundu alisimama, gia imeingia, klachi ameishikilia, akingoja kijani. Vidole vikamfa. Klachi ikamponyoka, pikipiki ikaruka mbele mpaka katikati ya makutano, ikazimika. Basi la abiria lilifunga breki na kusimama karibu nao sana, hata Everline angeweza kuigusa taa yake kwa mkono.

Msichana alishuka. Hakulia. Alivua helmeti, akavuka barabara, akaketi kwenye kituo cha basi. Baba yake alipomfuata, binti alimwambia, "You knew, Dad. Mom alikuambia. I'm never riding with you again."

Maneno hayo, kwamba hatapanda naye tena kamwe, yalimuumiza Onyancha kuliko mkono. Wiki ileile aliiuza pikipiki nyeusi, akaleta skuta kubwa ya kijivu iliyokwisha tumika. Hapo alifanya vyema. Lakini kiburi chake hakikuuzwa pamoja na pikipiki, na sisi marafiki zake tulikilisha.

Siku aliyoileta tulikwenda wote kuitazama. Mahfudha alikuwepo pia. Ni mama wa Kizanzibari anayekaa Gulfton na kufanya kazi wodi moja na Nyaboke, na skuta yake kila mtu hospitalini anaijua.

"Kaka Onyancha," alisema, "nipe Jumapili mbili tatu nikufundishe. Miye vespa naendesha tangu niko skuli, mama kakaa nyuma na kapu lake la sokoni. Hapa kushoto hapana klachi. Hii ni breki ya nyuma. Mkono wako umezoea mengine, utakusaliti."

Onyancha alitutazama. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimebeba mto wa sebuleni kwangu. Niliuweka juu ya kiti cha skuta nikasema, "Haya, mwalimu wa kochi amefika! Onyancha, sasa unafundishwa kukaa?"

Kicheko kilichofuata nakisikia mpaka leo.

"Asante, dada," Onyancha alimwambia Mahfudha. "Lakini mimi nimeendesha pikipiki tangu Kisii, kwa matope na milima. Hii haina hata gia. Nifundishwe nini?"

Akautupa mto kando, akawasha, akaenda. Mwisho wa mtaa aligeuza polepole ili arudi kwetu. Katikati ya kona, mkono wa kushoto ulifanya ulichokizoea kwa miaka ishirini na mitano. Ulitafuta klachi, ukaivuta kwa nguvu zote. Gurudumu la nyuma likakwama papo hapo, na skuta nzito ile ikamlalia. Mtulinga ukavunjika. Everline aliona yote kutoka dirishani. Mimi nilimsikia rafiki yangu akipiga yowe na kicheko bado kiko mdomoni mwangu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha huu ulikuwa wangu.

Alikaa nyumbani wiki kumi. Madaktari walitumia nafasi hiyo kumtibu na kile kifundo cha mkono. Nilikwenda kumwomba msamaha, nikamshauri aachane na skuta.

"Method," alisema, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni, "nilimwingiza mwanangu kwenye taa nyekundu kwa kuogopa maneno yenu. Sasa niache kwa sababu ya maneno yenu tena? Hapana. Nitajifunza hii kitu mpaka niijue. Mpigie simu Dada Mahfudha."

Nilimpigia mwenyewe.

Kila Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja wa kuegesha magari wa kanisa letu, Onyancha alianza upya kama mtoto. Mahfudha alichana kipande cha kanga kuukuu akakifunga kwenye mkono wa breki ya kushoto. "Ukigusa kitambaa, ujue hii si klachi. Vidole viwili tu. Taratibu!" Siku ya kwanza alikosea mara kumi na moja, na Mahfudha alizihesabu kwa sauti mbele ya waumini. Watu walipita wakitabasamu. Onyancha hakumtazama hata mmoja. Aliwasha tena, akazunguka tena.

Everline alikaa ndani ya gari na simu yake, akijifanya haoni. Jumapili ya nne nilimwona midomo yake inahesabu pamoja na Mahfudha.

Jumapili ya saba hapakuwa na kosa hata moja. Mahfudha alikifungua kitambaa. Onyancha alizima skuta, akavua helmeti, akaenda mpaka dirisha la gari.

"Everline, nilijua mkono umeisha, na bado nikakubeba. Niliogopa kuchekwa. Nisamehe."

Msichana alishuka, akafungua buti, akatoa helmeti yake. Alikuwa ameileta mwenyewe, wala hatukujua tangu lini.

"Round the lot tu," alisema. "Na mimi ndio nitakuambia u-stop."

"Sawa, mama."

Wakaondoka polepole. Walipofika kwenye kona Everline alipaza sauti, "Stop!" Skuta ikasimama wima, bila kuyumba.

"Again," akasema.

Nyaboke alikuwa kando yangu. Alilia bila kujificha, na mimi pia.

Mafunzo tunayoyachukua hapa

Ndugu zangu, maradhi yanayofichwa kwa kuogopa kuchekwa huwafikia hata wasio na hatia walioketi nyuma yetu. Kubadili chombo ni busara, lakini anayebadili chombo akakataa kufundishwa amebadili nusu tu. Ujuzi wa zamani hautoshi penye kitu kipya, na mwalimu ni yule anayejua, awe mwanamke, awe wa dini nyingine. Nanyi wenye ndimi nyepesi, pimeni mizaha yenu kabla ya kuitoa.

Na iwapo mtapita uwanja wa kanisa letu Jumapili baada ya ibada, mtaniona. Goti langu la kushoto, la mguu wa kukanyagia gia, limekuwa likiuma miaka miwili, na sikuwa nimemwambia mtu. Kile kitambaa cha kanga sasa kimefungwa kwenye skuta yangu. Jumapili iliyopita nilikosea mara kumi na nne, na aliyezihesabu kwa sauti ni Onyancha.