Jiko Alilonichagulia Kaka Masalu

Nina miaka ishirini na moja, nimeishia darasa la saba, na tangu utotoni ni mtu wa aibu. Ndugu wasomaji, aibu hiyo ndiyo iliyoniunguza...

Kwetu ni kijijini, upande wa Msalala. Kaka Masalu, mtoto wa baba mkubwa, ndiye aliyenitoa nyumbani nikachimbe dhahabu. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Wachimbaji hatukai mahali pamoja. Tukisikia dhahabu imetoka kwingine, tunafunga mabegi mgongoni na kuondoka, mara nyingi kwa miguu. Mimi nilikuwa mpishi wa kikundi. Masika ile kuni zote zililowa, tukakubaliana tununue jiko dogo la gesi, lile la kutumia kopo la gesi.

Nilikwenda Katoro kuchagua. Mwenye duka, Mama Zuhura, alinitolea majiko ya aina mbili. La kwanza linafungwa juu ya kopo. Ni jepesi, ila ukiweka sufuria ya watu sita linayumba. La pili lina miguu mitatu mipana na mpira wa kupitishia gesi, kopo linakaa pembeni, mbali na moto. Nikachagua hilo. Akanifundisha pia kupaka povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kuwasha. Povu likifura, gesi inavuja.

Hela ya kikundi ilishikwa na Kaka Masalu, hivyo yeye ndiye aliyekwenda kulichukua. Akarudi na lile la kufunga juu ya kopo! Alisema ya miguu mitatu yamekwisha. Kopo lenyewe lilikuwa na mikwaruzo kama limeokotwa...

Nikatoa sabuni nipime. Akanitazama mbele ya wenzetu.

"Mdogo wangu, mimi ndiye unanipima kwa povu?"

Wakacheka. Mmoja akasema nikimaliza jiko nimpake na kaka mwenyewe, huenda naye anavuja. Kwetu, kukagua alichokuletea mkubwa wako ni kumwita mwizi. Uso ukaniwaka. Nikarudisha sabuni kwenye begi.

Tulipofika kambi mpya nilipika siku chache bila shida. Kisha mchana mmoja wa mvua, ndani ya turubai, nikawasha kiberiti... Nilisikia mlio kama wa nyoka, halafu moto ukanivaa mkono wa kulia hadi shingoni. Wenzangu waliuzima kwa blanketi, wakanipakia kwenye bodaboda.

Mama alikuja hospitali. Kaka Masalu hakuja. Nilimtetea! Nilimwambia mama kwamba ana kazi nyingi, atakuja tu.

Niliporuhusiwa nilipita dukani. Mama Zuhura alipouona mkono wangu alikaa chini. Nikamwambia simlaumu kwa kuishiwa majiko.

"Kuishiwa nini, mwanangu? Lako nimekuwekea mpaka leo. Hakuja mtu kulichukua."

Baadaye wenzangu walinieleza yaliyobaki. Jiko lilikuwa kuukuu, alipewa na rafiki yake. Kopo alilijaza mwenyewe kutoka kwenye mtungi mkubwa, na hela akaila. Hapo ndipo nikakumbuka: kila nilipowasha, Kaka Masalu alitoka nje ya turubai, hata mvua ikinyesha. Mimi nilidhani ananiachia nafasi...

Alijua! Moyo wa binadamu umeumbwa na nini?

Nilimfuata. Nilimwamkia shikamoo kama kawaida, kisha nikamuuliza kwa nini. Hakukana.

"Sabuni ulikuwa nayo," alisema. "Nani alikushika mkono?"

Vidole vyangu vya kulia vimeshikana, na haya nimeyaandika kwa mkono wa kushoto, polepole, siku hadi siku. Wazee wanataka nimsamehe kwa sababu ni damu yangu. Labda ipo siku.

Lakini wewe unayesoma, nakusihi: kitu cha moto kipime hata kama kimeletwa na mtu unayempenda. Akinuna, mwache anune. Watakaokucheka, wacheke. Kicheko cha wenzangu kilikwisha kabla ugali haujaiva, mimi bado nafungiwa vifungo vya shati na mama yangu.