Kiboksi Kisichotaka Pasiwedi

Jua lilikuwa limeshaanza kulegea Mama Pazia alipotoka kwenda kutafuta kidude cha televisheni. Safari fupi tu, ya kwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Watu wa namna yake mnawajua: fundi wa mapazia, pini mdomoni, macho madirishani kwa watu. Mtaa mzima hakuna dirisha ambalo hajalivalisha. Utamficha nini mtu aliyepanda juu ya kitanda chako kupima urefu wa kitambaa?

Kebo walikuwa wameikatisha. Tuseme ukweli, aliyeikatisha ni mumewe, fundi friji, mtu mpole wa maneno machache. Alisema wanalipia machaneli yasiyotazamwa na mtu, heri wanunue kiboksi cha kuvuta picha kwenye intaneti, wawe wanajichagulia wenyewe. Maneno ya akili kabisa. Lakini maneno ya akili yakitoka kwa mwanaume, Mama Pazia huwashwa mwili. Huyu mume, siku ya mpira, hata nyumba ingeshika moto angeomba wangoje kipenga cha mwisho. Leo anakatisha kebo kwa hiari yake, tena bila kununa? Mwanaume akiacha kutazama mpira kwake, anautazama sebuleni kwa nani?

Alimdadisi shoga yake, msusi wa pale kona. Msusi akasema hajui lolote, kisha akanyamaza. Na msusi akinyamaza, jamani...

Lililomkosesha usingizi si mpira. Ni kiti. Kile kiti chake cha sebuleni, ubavuni pa mumewe, kilichobonyea kwa umbo lake. Kila alipokifikiria, alimwona mwingine amekikalia.

Duka lenyewe lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya kinyozi na duka la dawa. Hakuwahi kuliona, yeye ambaye hapitwi na kitu. Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini kama ya mtu aliye chumba cha mgonjwa. Alimwekea vidude viwili mezani. Cheupe, alisema, kina filamu, habari na mpira, ila kinataka waifai nzuri, kinataka akaunti, kinataka pasiwedi. Cheusi...

"Hiki hakitaki chochote, dada."

Mama Pazia akauliza basi kinaonyesha nini.

"Watu. Majumbani mwao."

Akadhani ni vile vipindi vya watu kufungiwa kwenye jumba moja wakagombana mbele ya kamera. Anavipenda sana hivyo, ingawa mbele za watu husema ni upuuzi. Akashindwa kuchagua. Muuzaji akamfungia vyote, bila kudai hata shilingi. Alimwambia akajaribu nyumbani, kesho jioni arudishe kimoja.

Hapo ndipo angepaswa kutia shaka. Lakini Mama Pazia shaka zake zote alikuwa ameshazimaliza kwa mumewe.

Usiku ule mume alichomeka cheupe, akaingiza pasiwedi, akakuta mpira. Akavua soksi, akanyoosha miguu, akasema hiki kinatosha. Mama Pazia akamtazama kwa pembe ya jicho. Soksi zile, alizivua kwa raha ya kweli au ya kuigiza?

Kesho yake mume akaenda kazini. Mama Pazia akashona palepale sebuleni mpaka jua likageuka, kisha akachomoa cheupe, akachomeka cheusi.

Televisheni ikawaka polepole. Hakuna alama, hakuna muziki. Sebule tu. Mwanaume amejifunga khanga ya mkewe, anaosha vyombo, na mke kakaa nyuma yake anamwonyesha sahani isiyotakata.

Mama Pazia akasogea. Lile pazia la bluu lenye marinda... mbona ni mkono wake? Nyumba ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu, anayetembea kama kameza rula!

Akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Akabonyeza rimoti. Sebule nyingine: pazia la maua, kwa muuza dawa. Akabonyeza. Pazia la mistari, kwa msusi, shoga yake, analia peke yake na leso mdomoni. Hapo kicheko kikapungua. Lakini kidole kilikuwa kimeshapata njia, nacho hakikutaka kusimama.

Kisha likamjia wazo. Kama nyumba zote zimo humu... basi na ile anakotazamia mpira mumewe imo.

Akaanza kumtafuta. Sebule, sebule, sebule. Chumba kikaanza kunuka kitambaa kilichoungua. Akatazama pasi. Haikuwa kwenye umeme.

Akabonyeza tena.

Huyo hapo.

Mumewe. Miguu mitupu, soksi sakafuni, anacheka kile kicheko cha tumboni alichokuwa anakitoa zamani. Na ubavuni pake, mwanamke. Amegeuza mgongo, shingo tu ndiyo inayoonekana.

Mama Pazia hakulia. Alitazama pazia. Apate pazia tu, aijue nyumba, aende na viatu mkononi. Lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, lenye majani madogo pembeni. Akapekua kichwa chake, dirisha moja baada ya jingine. Hakuwahi kulishona lile.

Kisha akageuka, taratibu sana, akaangalia meza yake ya kukatia.

Kitambaa kilikuwa pale. Rangi ileile, majani yaleyale, kimekunjwa bado na pini zake. Alikinunua kwa ajili ya sebule yake mwenyewe, kila siku akisema atakishona akipata nafasi.

Akarudisha macho kwenye televisheni. Pazia la mle ndani lilikuwa limepauka kwenye mikunjo. Fundi hadanganywi na hilo: ni jua la miaka. Mumewe alikuwa na mvi. Na pale kwenye kona, kile kitu kilichofunikwa shuka, chenye chungu cha maua juu yake...

Ilikuwa cherehani yake.

Sebule ile ilikuwa hii.

Harufu ya kuungua ikazidi. Na yule mwanamke aliyekaa kwenye kiti akaacha kucheka. Akainua shingo kama aliyesikia hatua uani. Akageuka, akatazama moja kwa moja huku nje. Sura ya kawaida tu, sura nzuri, haina ubaya wowote.

"Yule wa kwanza anatuangalia tena," alisema.

Mume hakugeuka hata kidogo.

"Mzime, mke wangu."

Kioo kikawa cheusi.

Mama Pazia alikichomoa kile kidude kikiwa na joto la mwili wa mtu mwenye homa. Alikifunga kwenye kitambaa, akatoka mbio, nywele hazijafunikwa. Watu walimwamkia njiani, na kwa mara ya kwanza hakusimama kuuliza habari za mtu.

Muuzaji alikuwa anashusha shata. Alikipokea kidude kwa ncha za vidole. Mama Pazia akamuuliza kama yaliyomo ni ya kweli. Muuzaji akasema hilo yeye hajui, kila mtu hukuta humo alichokwenda kukitafuta. Kisha akamsogelea, sauti ikashuka zaidi.

"Uliwatazama tu, dada? Au na wao walikuona?"

Mama Pazia akaangalia pembeni.

"Niliwatazama tu."

"Afadhali." Mwanamke yule akashusha pumzi. "Anayetazama hana neno. Akishaonwa, ndipo wanapojua kwamba nafasi yake iko wazi."

Shata likashuka mpaka chini.

Alirudi nyumbani polepole, akijipa moyo. Mume hana kosa. Mwanamke yule wa kwenye kiti hayupo, bado hayupo, na asiyekuwepo humfumanii. Angeenda amkumbatie mumewe, angekichoma kile kitambaa, wangetazama mpira wote wawili na asingeuliza lolote tena maisha yake yote. Aliapa hivyo akiwa njiani. Aliapa kwa moyo wote.

Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Mume alikuwa amewahi kurudi. Akasikia kicheko chake kupitia mlangoni, kile cha tumboni. Chini yake, kama kivuli cha sauti, kicheko kingine, chembamba.

Ni televisheni, alijiambia. Amekichomeka kile cheupe, anatazama filamu.

Akashika kitasa. Kikawa kigumu. Na sijui ni nini kilichompata, mwanamke aliyeingia mlango ule maisha yake yote bila hata kujifuta miguu, akajikuta anabisha.

"Hodi..."

Vicheko vikakatika. Vyote viwili, kwa pamoja.

Kisha sauti ya kike, ya upole, ikauliza kutoka ndani:

"Nani mwenzetu?"

Mama Pazia akafungua mdomo ajibu. Na hapo, mbele ya mlango wake mwenyewe, hakujua aseme yeye ni nani.