Lina Asoma Kimanchu

Haika alikuwa jikoni anamenya ndizi aliposikia binti yake anasoma kwa sauti sebuleni, na mwanzoni alifurahi. Maneno yalikuwa ya Kimanchu, kama kawaida ya siku hizo, yakitoka moja moja kwa ile sauti ya darasani. Alimenya, akasikiliza, akamenya tena. Halafu kisu kikasimama. Kurasa zote alizompa Lina alizichapa kwa vidole vyake mwenyewe, na maneno haya hakuwahi kuyachapa.

Alikwenda kuchungulia. Lina alikuwa amekaa kwenye zulia, mikono mitupu, uso ukutani.

"Unasoma wapi hapo, mama?"

"On the wall," Lina akajibu bila kugeuka. "It's easy, Mummy."

Ukuta ulikuwa mweupe, wa nyumba ya kupanga, una alama ya msumari tu. Haika akajiambia watoto wana mambo, akarudi kwenye ndizi zake.

London watu hufanya kazi za kila aina, lakini ya Haika ilikuwa kiboko. Alikuwa anapanga kurasa za vitabu kwa kompyuta, hapo hapo nyumbani Kenton, ghorofani juu ya duka la mama mmoja wa Kihindi aitwaye Deepa, na kitabu alichokuwa nacho mwaka huo kilikuwa cha Kimanchu, lugha ya watu waliowahi kuitawala China na ambayo leo wasemaji wake wamebaki wachache mno. Maandishi yao husimama. Huanzia juu kwenda chini, na herufi zote za neno hushikana kwenye uti mmoja. Cosmas, mumewe, anayepakua mizigo kwenye bohari huko Hayes, aliwaambia wenzake kwamba mke wake anachapa mishikaki. Hakukosea sana.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Haika hakujua Kimanchu hata cha kuombea maji. Mwenye kitabu, Mama Usha, ndiye aliyekijua. Alikuwa Mhindi wa Moshi aliyehamia Uingereza akiwa msichana, sasa mwalimu mstaafu wa chuo kikuu, na macho yake yalikuwa yanakwisha. Mama Usha alimletea Haika maneno yaliyoandikwa kwa herufi hizi hizi zetu, Haika akayaingiza kwenye programu, na programu ikayageuza kuwa mishikaki: herufi hii imevaa umbo la mwanzo, ile la katikati, ile ya mwisho na mkia wake. Kwenye kioo mistari ilitokea kwanza imelala chali. Mpaka amri ya mwisho itolewe ndipo ukurasa mzima ulipoinuka ukasimama. Haika aliipenda sana dakika hiyo, kwa kweli, na mara nyingi alimwita Lina aje kuitazama.

Kitabu kilikuwa cha sala za kuitia mizimu ya ukoo mmoja wa Kimanchu. Hilo Haika alilijua tangu mwanzo.

Sasa, Uingereza watoto wa miaka sita hupewa mtihani wa kusoma, na ndani yake huchanganywa maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote, ili mwalimu ajue kama mtoto anasoma herufi kweli au anabahatisha. Lina alikuwa anabahatisha. Mwalimu akawaita wazazi akawaambia mtoto afanyishwe mazoezi nyumbani. Haika akiwa njiani kurudi akawaza: maneno yasiyo na maana? Mbona ninayo tele! Jioni hiyo akamtolea mtoto kurasa za sala, zile za herufi za kawaida, akazibandika kwenye friji.

Mtu anakupa sala za kuitia mizimu, nawe unamfundishia mtoto kusoma! Lakini tusimseme sana. Alikuwa mama anayetaka mwanawe asiachwe nyuma na wenzake, na dawa ilifanya kazi. Lina, aliyekuwa akilia akiona kitabu, sasa alikimbilia friji kila akitoka shule. *Enduri ebunjireo*, alisoma, huku anarukaruka. *Enduri ebunjireo*. Cosmas alikuwa anampigia makofi.

Wiki ile ya ukuta, Mama Usha alileta sura iliyofuata. Haika akakaa kuichapa, na kabla hajamaliza mstari wa pili akaacha kuchapa. Ndiyo yale maneno. Yale yale ambayo Lina aliyasoma ukutani, kwa mpangilio ule ule, kabla karatasi hiyo haijaingia ndani ya nyumba.

Akazibandua kurasa kwenye friji, akazichana, akazitupa. Akaogopa hata kumwambia mumewe.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa ya nafaka iliyochachuka, na Haika, aliyekulia Kilimanjaro kwenye nyumba zinazopika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, alidhani kwanza ni pua yake imekumbuka kwao. Kisha ikaongezeka ya nyama inayochemshwa bila chumvi, nzito, inayoganda kwenye mapazia. Deepa akapanda ngazi kulalamika kwamba dukani kwake kunanuka nguruwe. Haika akamwonyesha jiko tupu, lililopoa, na Deepa akalishika kwa mkono wake, akashuka tena dukani.

Halafu njuga. Desemba ya London saa kumi jua limekwisha kuzama, na katika giza hilo la alasiri Haika akawa anasikia njuga za chuma zikitembea kwenye korido, nyingi, zile za kufungwa kiunoni, zikija polepole mpaka mlangoni, na mlango ukifunguka anaingia Lina na soksi zake, hana kitu mwilini kinacholia. Akikaa, zinanyamaza. Akiinuka kwenda kunywa maji, zinaanza.

Na kichwa. Lina alianza kukilaza begani, sikio likagusa bega, akawa anaitazama televisheni hivyo, anakula hivyo, anamtazama mama yake hivyo. Haika alimnyoosha kwa mikono yake, taratibu, na kichwa kikarudi. Alichelewa kuelewa. Siku moja alikuta mtoto amesimama mbele ya kompyuta, kichwa kimelala, anaisoma mistari iliyolala chali kwenye kioo, anaisoma Kimanchu chenyewe, mishikaki yenyewe, ambayo hakuna mtu aliyewahi kumfundisha, na anaisoma haraka kuliko Mama Usha.

"Lina, toka hapo!"

Mtoto akaendelea kusoma. Alikuwa na mtindo wa kujibu Kiswahili kwa Kiingereza, mtindo uliomuudhi Haika kwa miaka, wakagombana nao mezani mara nyingi. Sasa Haika akajikuta anamsihi. "Sema basi. Sema *leave me alone*. Sema chochote, mwanangu." Lina akamtazama kwa ubavu, akasema maneno marefu, mazuri, yenye adabu, na hakuna hata moja ambalo Haika alilielewa.

Usiku huo alimwambia mumewe, na asubuhi akaenda kumleta Mama Usha.

Bibi huyo aliingia na mkongojo wake, akakaa kwenye kochi, akamsikiliza mtoto. Alimsikiliza mpaka chai ikapoa.

"Matamshi haya," akasema kwa sauti ya chini, "niliyasikia mara moja tu, kwa mzee mmoja huko kwao Wamanchu. Mganga wa ule ukoo. Mimi mwenyewe sijui kutamka hivi. Haika, beta, mwanangu, nani amemsomesha mtoto?"

Haika akamweleza habari ya friji. Alieleza huku analia, na aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani.

"Ndivyo walivyofanya," Mama Usha akanong'ona. "Mganga akifa, watoto wa ukoo walisomeshwa sala mbele ya madhabahu, kila siku, mpaka mzimu umpende mmoja. Akipendwa, basi."

"Basi nini?"

"Basi ni wake."

"Na kumrudisha alikotoka? Si kuna sala? Niletee niichape, niichape hata leo."

Mama Usha akatikisa kichwa. "Ya kurudisha haikuandikwa kamwe. Iliachwa mdomoni kwa mganga. Nilimwomba yule mzee anisomee nirekodi, akanicheka. Amekufa."

Cosmas ni Mkatoliki, tena wa kwaya, lakini mtoto ni mtoto. Jumamosi alikwenda Peckham akarudi na Ustadh Miraji, mtu wa Tanga, mnene, mpole, mwenye sifa ya kuwatoa watu majini kuanzia Woolwich mpaka Reading. Alivua viatu, akaomba kitambaa cheupe, akawasha chetezo cha ubani. King'ora cha moshi kikapiga kelele. Cosmas akapanda kwenye kiti akakinyamazisha, na Ustadh akaomba radhi akicheka kidogo, na kwa dakika hiyo moja Haika aliamini mambo yatakwisha.

Lina alikaa mbele yake, kichwa begani. Nje kulishaingia giza.

"Salaam kwako uliye kwenye kiti hiki, mwili wa mtoto huyu," Ustadh alianza, kwa upole wa mtu aliyezoea. "Umekikalia kwa ruhusa ya nani?"

Mama Usha, aliyeitwa kwa ajili hiyo, akatafsiri kwa Kimanchu chake cha vitabuni. Njuga zikalia mara moja, mtoto hajatikisika. Kisha jibu likaja kwa sauti ile ile ndogo ya Lina, na hiyo ndiyo iliyowatisha zaidi, kwamba sauti haikubadilika.

"Anasema aliitwa," Mama Usha akatafsiri. "Kila siku, kwa mdomo wa mtoto. *Enduri ebunjireo*: mzimu, shuka, shuka. Akashuka."

"Mwambie hatukujua. Mwambie wenye nyumba wanaomba radhi, na hawamtoi mikono mitupu. Anataka nini? Ubani upo. Marashi yapo. Kuku, mbuzi, nguo ya rangi aitakayo, tutamtafutia. Aseme tu, tukubaliane."

Mama Usha akasema. Mtoto akatabasamu, akajibu kwa ufupi.

"Hataki kitu."

"Kila jini ana anachokitaka, mama. Muulize tena."

"Amesema hataki kitu. Anasema alichokitaka amekwishapewa."

Ustadh Miraji akageuza kaa la chetezo, akaligeuza tena. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni na chumba kilikuwa baridi. Mwisho akaanza kukunja kitambaa chake cheupe, pole pole.

"Unafanya nini, Ustadh?" Cosmas akauliza.

"Ndugu yangu, kazi yangu mimi ni kupatana. Jini akiniomba, nampa, anaondoka. Huyu haniombi kitu." Hakuthubutu kumtazama mtoto. "Simwezi. Nisamehe."

Haika hakumsikia. Alikwisha kukimbilia kwenye kompyuta, akaibeba akaja nayo mpaka kwenye zulia, akapiga magoti. "Mama Usha, mwambie anichukue mimi. Mimi ndiye niliyeyachapa yote, najua kila herufi, mwambie mimi ni mtu mzima, ninafaa." Na bila kungoja tafsiri akaanza kusoma, kwa zile herufi zetu. Alisoma sala ya kwanza kwa sauti, akasoma ya pili, akasoma kwa lafudhi yake ya Kilimanjaro na machozi yakimwingia mdomoni, *enduri ebunjireo*, akayarudia yale ambayo mtoto aliyasoma kwa kurukaruka, akaenda mbele kwenye sura ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma katika nyumba ile, akaita, akabembeleza, akaamuru, huku Cosmas amemshika mabega anamwambia, "Mama Lina, basi, Mama Lina, inatosha," naye hakomi, maana alihisi kwamba akikoma tu mambo yatabaki hivi yalivyo, na kila alipokosea neno njuga zililia kidogo na Lina akalisema upya, vizuri, taratibu, kwa uvumilivu, mpaka mama yake alipolipatia, kisha akaitikia kwa kichwa kumruhusu aendelee.

Alimfundisha hivyo mpaka ukurasa wa mwisho. Haika alifika mwisho na sauti imemkauka, akangoja kitu kimwingie. Hakikumwingia kitu. Alikuwa Haika yule yule, magoti yanamuuma.

Hapo ndipo alipopiga yowe. "Lina! Marcelina wangu! Marcelina! Marcelina!" Akaliita jina hilo kamili la ubatizo mpaka Ustadh akageukia dirishani kuficha uso.

Mtoto akamtazama kwa huruma. Akainuka, akamjia, akamfuta mashavu kwa kiganja, upande mmoja kisha wa pili. Akasema naye kwa upole, maneno mengi. Kisha akaenda kwenye ndoano ya makoti mlangoni.

"Anasemaje?" Haika akauliza. Mama Usha alikuwa amefumba macho. "Mama Usha, nakuomba. Anasemaje?"

"Anauliza huyo Marcelina unayemlilia ni nani." Bibi akafumbua macho. "Anasema, kama amepotea, usilie. Atakusaidia kumtafuta."

Mtoto alikuwa amekwisha kuvaa koti na kulifunga vifungo vyote. Alirudi, akamshika mama yake mkono, akamvuta taratibu kuelekea mlangoni.