Ampea Mbili

Kila kitu kilikuwa kimezimwa, lakini umeme ulikuwa unatembea.

Eulalie aliitazama tena Fluke yake, kipimo cha umeme. Ampea mbili. Spika, taa, redio ya nahodha, vyote kimya. Bado kitu fulani ndani ya meli kilikuwa kinanyonya betri.

Na kitu hicho hakukifunga yeye.

Kwa siku nne alikuwa amepitisha nyaya, akafunga amplifaya ya Pioneer na spika sita. Mabaharia walimwita Maman Fundi. Hakuna aliyejua kuwa chini ya bisibisi zake kulikuwa na bastola ya Glock, wala kuwa bosi wake wa kweli ni Kanali Raphaël wa idara ya upelelezi.

Saa nne asubuhi Bintu, mpima miamba wa Luhwindja, angesafiri na meli hii kwenda Goma kutoa ushahidi dhidi ya wageni wanaovusha dhahabu kimagendo. Wageni hao walikuwa wameapa hatafika.

Sasa ilikuwa saa tatu na nusu. Juu, abiria walikuwa wanagombea viti.

Redio yake ya mkononi, Motorola, ikakoroma. Alikuwa Raphaël.

"Eulalie, unaona nini?"

"Kuna mutu alifunga waya yake, Papa."

"Fanya mbio. Bintu iko ku mulango ya bandari."

Aliifuata waya hiyo ngeni kwa vidole, nyuma ya ubao, chini ya benchi, mpaka kwenye boksi la spika kubwa ya besi. Akafungua skrubu nne.

Baruti ya mgodini. Juu yake, kipokezi kidogo chenye taa ya kijani.

Akabonyeza redio.

"Ni bombu, Papa. Inangoja mutu abonyeze rimoti."

"Toa batu yote!"

"Hapana! Akiona batu banakimbia, atabonyeza."

Juu mtoto alilia. Eulalie alishika koleo. Akaingiza waya wa baruti kati ya meno yake.

Kaci.

Taa ya kijani iliendelea kuwaka. Lakini baruti haikuwa na waya tena.

"Nimeikata. Bintu apande."

"Na mwenye rimoti?"

"Watu wawili tu walikuwa na funguo ya huku chini. Hugues, mwenye meli. Na nahodha Jean-Marie."

Hugues alikuwa anamgombeza kila siku. Jean-Marie alikuwa anamletea sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga kila mchana. Eulalie alijua ni nani angependa awe mwovu.

Kupenda hakutoshi. Aliunganisha kipokezi na honi ya meli, akapanda juu.

Bintu alikuwa ameketi dirishani, begi kifuani. Wanaume wote wawili walikuwa wameshuka. Hugues alisimama kwenye lango akiongea na simu. Jean-Marie alikuwa ameaga kwamba anaenda kusaini karatasi.

Dakika moja. Mbili.

Honi ikapasua anga: rimoti ilikuwa imebonyezwa.

Abiria wakapiga kelele. Gatini kila mtu aligeuka kutazama meli, hata Hugues, mdomo wazi.

Kila mtu, isipokuwa mmoja. Nyuma ya ukuta wa saruji Jean-Marie alikuwa amechuchumaa, kichwa katikati ya magoti, akingoja mlipuko.

Eulalie alishuka ubao wa meli bila kukimbia. Glock ilikuwa ndani ya ovaroli, mkono juu yake.

"Inuka, Papa Capitaine. Rimoti, weka chini."

Akainua uso. Ulikuwa umelowa jasho.

"Maman Fundi... walinitishia batoto yangu."

"Na batoto ya mule ndani?"

Nathanaël, askari aliyekuwa amejivika ovaroli ya wapakiaji, alimtia pingu.

"Nani ataendesha meli?" Raphaël aliuliza redioni.

"Musaidizi wake. Na weka askari wawili karibu na Bintu."

Saa nne na robo meli iling'oa nanga. Eulalie aliitazama mpaka ikageuza pua kaskazini, akatia bisibisi mfukoni, akapanda hadi barabarani. Pikipiki ya abiria ilisimama, spika imefungwa kwenye usukani, muziki juu kabisa.

"Tunaenda wapi, maman?"

"Bagira." Akapanda. "Lakini zima hiyo kitu kwanza."