Kastamu na Pilipili za Kukhu

Asubuhi nyumbani kwetu Buteba huanza na jerikeni. Mama huigonga kwa mguu, ikalia kama ngoma mbovu, na kila aliyelala anajua hakuna mjadala. Msimu ule wa mvua za Machi, dada yangu Loice, aliyekuwa darasa la sita, alichota maji, akamwagilia kitalu, akanawa uso kwa yaliyobaki, kisha akakimbilia shule. Mimi, Edgar, nilikuwa nimemaliza sekondari na nasubiri matokeo, kwa hiyo kazi yangu kubwa ilikuwa kumcheka.

Kitalu kilikuwa nyuma ya jiko, mahali palepale alipokilima bibi yetu Maximilla, ambaye sote tulimwita Kukhu. Alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia. Mpaka leo nikisikia harufu ya pilipili ikichomwa kwenye makaa, namwona amekaa kwenye kigoda chake, anapiga chafya na kuicheka chafya yake mwenyewe. Pilipili yake ilikuwa ya njano, fupi, nene kama kidole gumba, na kali kiasi kwamba Baba, mtu mzima mwenye ndevu, aliila huku akilia. Sokoni Busia hukuiona, si upande wetu wa Uganda wala upande wa Kenya.

Kila mavuno Kukhu alichagua zilizoiva vizuri, akazifunga kwenye maganda ya mahindi na kuzitundika juu ya meko, moshi uzilinde na wadudu. Nyingine alizifunga kwenye pindo la leso, akatoka nazo. Hakusema anakwenda wapi, nasi hatukumuuliza, maana alirudi na mandazi.

Mwaka ule juu ya meko kulikuwa kumebaki furushi moja tu. Mama alilishusha, akalipuliza masizi, akampa Loice.

"Wewe ndiye uliyekuwa mkia wa Kukhu. Panda wewe. Lakini ujue, zikipotea hizi, pilipili ya Kukhu imekwisha."

Loice alijua kazi. Alichanganya udongo na samadi iliyooza na jivu kidogo, akachora mistari kwa kijiti: sukuma wiki huku, nyanya katikati, pilipili mwisho. Akafunika kwa nyasi kavu na kuweka kivuli cha majani ya mgomba. Hata mimi sikupata cha kumcheka, na hilo si jambo dogo.

Shida ilianza sukuma ilipoota. Ilitoka upesi, nyanya zikafuata. Mstari wa pilipili ukakaa kimya kama darasa lililoulizwa swali la hesabu.

"Labda zimelala," nikamwambia Loice. "Hebu ziimbie."

"Nyamaza wewe! Matokeo yako nayo yameota?"

Kukhu alikuwa akitwambia kwamba pilipili ina aibu, ukiichungulia haitoki. Loice alikuwa amelisikia hilo mara nyingi, lakini hofu ilimshinda. Kila asubuhi, baada ya kumwagilia, alichukua njiti ya ufagio, akachimbua mbegu, akaitazama, akairudisha. Kesho yake akachimbua nyingine. Haya tuliyajua baadaye.

Jumamosi moja Mama aliinua zile nyasi. Mbegu zilikuwa zimetapakaa juu ya udongo. Baadhi zilikuwa zimeshatoa kimzizi cheupe, nacho kimekauka.

"Nani amechakura hapa?"

Loice akatazama miguu yake. Ng'ambo ya ua kuku akalia, kwa bahati yake mbaya.

"Kuku wa Mama Nabila," Loice akasema.

Ilikuwa rahisi kuamini. Kuku huyo tulimwita Kastamu, kama wale maofisa wa forodha mpakani, kwa sababu hakuna kitu kilichopita kati ya kwetu na kwao bila yeye kukikagua. Mama alikwenda kwenye pengo la ua na kumweleza jirani yetu Hajara, mama yake Nabila.

"Banange! Nisamehe, Mama Edgar," Mama Nabila alisema, ameshika kichwa. "Huyu kuku amenichosha hata mimi. Wallahi, Ijumaa mume wangu Muniru akirudi na lori lake, anamchinja."

Nabila, rafiki yake Loice, alikuwa amesimama nyuma yake. "Mama, na vifaranga vyake je?"

"Vitajijua."

Kastamu akafungwa kamba mguuni. Vifaranga vikawa vinazunguka kamba vikilia. Wiki ile Loice alipita njia ndefu kwenda shule ili asiongozane na Nabila. Chakula alikiacha sahanini. Mimi nikala samaki wake, nikidhani ni bahati yangu.

Ijumaa jioni tulisikia kisu kikinolewa kwenye jiwe. Loice aliangusha ufagio aliokuwa ameushika, akapita kwenye pengo la ua mbio. Mama nami tukamfuata. Mzee Muniru alikuwa tayari amemshika Kastamu mbawa.

"Baba Nabila, usimchinje! Si yeye! Ni mimi!"

Kisu kikasimama.

"Wewe umefanya nini?" Mama akauliza.

"Nilikuwa nazichimbua nione kama zimeota. Kwa njiti ya ufagio."

"Kila siku?"

"Kila siku. Jumapili mara mbili, kwa sababu hakuna shule."

Mzee Muniru aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Lakini Mama hakucheka. Alikaa kizingitini kama mtu aliyetembea kutoka Tororo kwa miguu.

"Nilitumaini kuku ameacha hata moja udongoni. Kumbe imekwisha," alisema polepole. "Pilipili ya Kukhu."

Loice akaanza kulia, kile kilio cha mtu asiyetaka kubembelezwa.

"Pilipili ipi?" Mama Nabila akauliza. "Ile ya njano?"

Hakusubiri jibu. Alizunguka nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapomwagikia mimea yake, akarudi ameshika pindo la leso. Alipolifungua tukaona pilipili za njano, fupi, nene kama kidole gumba.

"Nilipohamia hapa, mama mkwe wako ndiye wa kwanza kunibishia hodi," alimwambia Mama. "Akaniletea hizi. Kila mavuno alirudi na nyingine, nami nikimpa mandazi. Alisema, 'Panda, Hajara. Zangu zikiharibika nijue pa kuja kuomba.'" Akafuta jicho kwa kiganja. "Basi leo amekuja."

"Mama Nabila," Loice akasema, "unanipaje mimi, na nimekusingizia?"

"Sikupi wewe. Nampa Maximilla. Wewe unampokelea tu."

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akamshika Loice bega.

"Mwanangu, kuchimbua mbegu ni haraka ya kitoto, mtu anaweza kupanda tena. Ila uongo wako ulikuwa unaziba lile pengo la ua. Kuku angekufa bure, mimi na Hajara tungenuniana, na mbegu zingebaki upande huu, sisi tunalia upande ule. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajalipia kosa lako."

Kwa adhabu, Loice alimpelekea Kastamu makombo kila jioni hadi vifaranga vilipokua. Mbegu zikapandwa upya kwenye mstari uleule. Safari hii niliuficha ufagio mwenyewe. Tulingoja sana. Asubuhi moja Loice alipiga kelele hata jerikeni ikaanguka: pilipili zilikuwa zimeinua vichwa, zimejikunja kwa aibu.

Mavuno yalipofika, Loice alichagua zilizoiva vizuri. Nyingine alizifunga kwenye maganda ya mahindi, akazitundika juu ya meko. Nyingine alizifunga kwenye pindo la leso ya Kukhu, akaelekea kwenye pengo la ua. Kastamu alisimama pale, akaikagua leso, akampisha.

Hatukumuuliza anakwenda wapi. Aliporudi, alikuwa na mandazi.